Marejesho na Msimu wa Maziwa: Mikopo Midogo kwa Wanawake Wafugaji wa Korogwe na Handeni

Mikopo kwa wanawake wa vijijini inapojadiliwa kwenye semina, mazungumzo huishia kwenye kiasi: fungu liongezwe, riba ipunguzwe, vikundi vingi zaidi visajiliwe. Mada hii inauliza jingine: marejesho yanaanza lini, na yanatoka mfukoni mwa nani. Ninawazungumzia wanawake wa Kimaasai na wa Kiparakuyo, wachache katikati ya Wazigua na Wasambaa. Waparakuyo wamekuwapo katika nyanda hizi za Korogwe na Handeni tangu karne ya 19. Majirani huwaita Wakwavi, jina ambalo wengi wao hawalifurahii. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, kwa hiyo atakayewatajia asilimia yao muulizeni kaipata wapi. Ninachodai ni kwamba mkopo wa marejesho ya kila wiki au kila mwezi, ukipewa mwanamke ambaye pato lake ni maziwa, unamrudisha mikononi mwa mumewe.

Katika boma la wafugaji, ng'ombe ni wa mwanamume, maziwa ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekamua, na ndiye anayeamua ndama aachiwe kiasi gani, watoto wanywe kiasi gani, na kipi kiingie kwenye dumu la kwenda kuuzwa. Fedha ya dumu hilo ni yake. Inanunua unga, sukari na daftari. Lakini maziwa yana msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani yakiwa tele dumu linajaa, na vuli linajaa tena kidogo. Kiangazi kikikaza, mifugo huhamishwa kufuata maji na malisho, na bomani hubaki ng'ombe wachache wa kukamulia watoto. Sasa tupige hesabu. Tuseme mkopo umetoka Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Rejesho la kwanza ni Julai. Agosti na Septemba dumu tupu. Kitakacholipa ni mbuzi, na mbuzi hafiki mnadani bila idhini ya mwenye boma. Mwanamke aliyekuwa na fedha ndogo lakini yake, sasa anaomba. Na akinyimwa, wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya, hawako mbali.

Serikali haijalala. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Marekebisho hayo yalishughulika zaidi na nani anakopeshwa na fedha inapitia wapi. Kalenda haikuwa hoja. Isitoshe, kikundi kinahitaji katiba iliyoandikwa, mihtasari na akaunti ya benki, masharti ambayo asiyesoma Kiswahili huyatimiza kwa kumkodi mwandishi, na mwandishi mara nyingi ndiye anayegeuka kuwa katibu.

Dunia nayo imeshapima. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo, mojawapo ya Ethiopia, na hakuna hata moja iliyoona kipato cha wakopaji kwa jumla kikipanda kwa kiwango cha kubadili maisha. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2013, uliwafuata wanawake wa Kolkata, India, ambao rejesho lao la kwanza lilisogezwa mbele kwa miezi miwili badala ya wiki mbili. Waliwekeza zaidi, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na nisingependa tulifiche hilo, maana ndiyo hofu ya kila mkopeshaji aliyemo humu. Jibu langu ni kwamba kufuata msimu si sawa na kusogeza tu rejesho. Mkopo ukitolewa Februari, urejeshwe kwa mafungu makubwa Aprili hadi Juni, usimame kiangazi, umaliziwe vuli, mkusanyaji anafika wakati fedha ipo mkononi. Mwaka wa ukame utamkwamisha mkopaji, na ndipo mfuko wa jamii wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopa, unapohitajika. Hivyo akiba itangulie mkopo walau kwa masika moja.

Kuhusu mafunzo nitasema kifupi. Semina ya ukumbini Korogwe mjini, saa tatu asubuhi, kwa Kiswahili na chati ukutani, inamchuja mlengwa kabla haijaanza: saa hizo hajamaliza maziwa. Katika Jamhuri ya Dominika, wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni nyepesi, kama kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani, walinufaika. Waliofundishwa uhasibu kamili hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Mwanamke anayegawa maziwa ya asubuhi mafungu matatu kila siku tayari anaijua kanuni hiyo. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza kwa Kimaasai kwamba shilingi nazo zigawanywe vivyo hivyo.

Wapo watakaosema huu ni ukabila, na kwamba taifa hili lilikataa kugawa huduma kwa makabila. Nakubaliana na kanuni, ila ninachopendekeza ni kupanga marejesho kwa chanzo cha pato. Mkulima wa Kizigua anayesubiri mahindi ya masika atafaidika na kalenda yake vivyo hivyo. Lugha pekee ndiyo inayobaki kuwa ya kabila, na mkalimani si upendeleo. Wengine watasema dawa ni kiwanda: maziwa yapelekwe kituo cha kukusanyia, yalipwe kila mwezi, pato litulie. Kiwanda cha Tanga Fresh kimewapa wafugaji wa mkoa wa Tanga soko la uhakika, na sibezi. Ila kituo huandikisha mwanachama, na mara nyingi mwanachama huwa ni mwenye ng'ombe. Fedha ya dumu ikihamia kwenye akaunti ya mume, tutakuwa tumemfundisha mke biashara ambayo si yake tena. Kwa hiyo fomu ya uanachama wa kituo iwe na nafasi ya jina la anayekamua.