Kipa wetu Kazadi Mwamba

Maneno yaliyosemwa siku ya kuwakumbuka waliotutoka, Kinyinya



Tumekwisha kuwataja ndugu zetu tuliowazika ugenini, na majina yao yatachapwa katika kijarida hiki. Kamati imeniomba niseme juu ya marehemu mmoja zaidi. Nimechagua mtu asiye wa ukoo wa yeyote hapa, ila wenye umri wangu walimpenda kama ndugu. Ni Kazadi Mwamba, kipa wa Lubumbashi. Kwa nini yeye, nitawaambia mwishoni.

Alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu walimwita Robert Kazadi, hadi serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya kigeni. Alidakia Englebert, timu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939, ambayo vijana mnaijua kwa jina la TP Mazembe. Mwaka 1967 Englebert ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika. Fainali na Asante Kotoko ya Ghana ilikuwa sare mara mbili, 1-1 na 2-2, na siku ya mechi ya kuamua Waghana hawakutokea. Watu wakasema hilo ni kombe la bure. Basi mwaka 1968 Englebert ikalitwaa tena, safari hii kwa kuifunga Étoile Filante ya Togo, na hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulichukua mara mbili mfululizo.

Mwezi Januari mwaka huo huo 1968, timu ya taifa ilikwenda Ethiopia kwenye Kombe la Mataifa. Ghana ndiyo ilikuwa bingwa, imelichukua mwaka 1963 na 1965. Tuliifunga 1-0 katika fainali pale Addis Ababa, goli la Kalala. Na mchezaji bora wa mashindano yote akatajwa Kazadi. Kipa, ndugu zangu! Kwa kawaida sifa hizo huwaendea wafungaji.

Mimi sikumwona kwa macho. Nilimsikia katika redio ya baba, iliyokuwa na betri zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila mtoto mtaani alitaka kuwa mfungaji, isipokuwa miaka ile, ambapo tuligombania kukaa golini. Aliyepata alijiita Kazadi mpaka jua lizame.

Mwaka 1974 Zaïre ilichukua kombe la Afrika mara ya pili, kule Misri, baada ya kucheza fainali mara mbili na Zambia. Golini alikuwa yeye. Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Wakafungwa 2-0 na Uskoti, na hiyo haikuwa aibu.

Kisha ikaja Juni 18, Gelsenkirchen, mechi na Yugoslavia. Wachezaji wenyewe walieleza miaka ya baadaye kwamba hawakulipwa fedha walizoahidiwa, na kwamba walikaribia kugoma. Waliingia uwanjani roho zao hazimo. Dakika ya 18 walikuwa wamefungwa matatu. Dakika ya 21 kocha Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, aliyekuwa mfupi. Goli la nne likaingia papo hapo. Mwamuzi akamtoa nje Ndaye Mulamba kwa kosa la mwenzake. Mechi ikaisha 9-0.

Fanyeni hesabu nami. Katika yale tisa, matatu ndiyo yaliyompita Kazadi. Lakini mkimtaja jina lake mbali na Afrika, watu hukumbuka tisa. Makombe mawili ya Afrika na mawili ya klabu yamefunikwa na dakika 21.

Siku nne baadaye walikuwa na Brazil, bingwa wa dunia. Mwepu Ilunga alisimulia kwamba walitishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa manne, wasirudi nyumbani. Na nani alisimama golini? Kazadi yule yule. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Mpaka mapumziko bado ni moja. Rivelino akafunga la pili dakika ya 66. Dakika ya 79 shuti la Valdomiro lilipita chini ya mwili wake, mpira ambao siku nyingine angeudaka amefumba macho. Matatu, na dakika 11 zimebaki. Fikirini dakika hizo. La nne halikuingia.

Kazadi alifariki miaka ya 1990. Ndaye, yule mwenzake, alikimbilia Afrika Kusini kama sisi tulivyokimbilia hapa. Mwaka 1998 uwanja mzima ulisimama kimya kumwombolezea, kumbe yu hai! Alifariki mwaka 2019 Johannesburg. Nayasema haya ili wafanyakazi wa mashirika wajue kwamba katika mistari ya kupokea unga anaweza kusimama mtu wa namna hiyo.

Sasa ile sababu. Wiki mbili zilizopita vijana wetu walicheza na timu ya jirani, wakafungwa matatu. Kipa wetu, ambaye sitamtaja na amejificha nyuma ya turubai lile, alizomewa hadi mlangoni kwao. Nami nilicheka. Naungama mbele yenu, nilicheka. Tangu siku ile hajakanyaga mazoezini, na glovu amezirudisha kwa mwalimu wa michezo.

Nimezichukua, ziko katika mfuko huu. Mama mmoja wa Kamati ameshona kidole kilichochanika, hakutaka malipo. Kijana, zitakuwa juu ya meza hii mpaka watu watakapoondoka. Mazoezi ni kesho saa kumi.