Kabla Hujanunua Redio Nyingine: CD za Kuchoma na Magari Yetu ya Zamani

Haya ni mazungumzo ya mkufunzi wa umeme wa magari aliyekutana na madereva, wenye magari na wakazi wengine mjini Kangeta. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Muga! Haya, wengine wamejibu kama wenye njaa. Muga mono. Asanteni.

Wazee wetu, akina mama, madereva wa matatu na wa pikapu za miraa, na nyinyi vijana mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na muziki: nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Umechomewa CD na kijana wa saiba. Ukiiweka kwenye kompyuta inaimba vizuri. Ukiiweka kwenye redio ya gari inazunguka kidogo, inanung'unika, halafu inatemwa. Unarudi kwa kijana, anakwambia redio yako ni mbovu. Unakuja kwa fundi, fundi anakwambia CD yako ni mbovu. Na wote wawili wameshalipwa.

Najua kuna anayejiuliza, siku hizi nani bado ana CD? Nitamjibu. Magari mengi tunayoendesha hapa yalitoka Japani yakiwa yametumika. Serikali hairuhusu gari kuingia nchini likiwa na zaidi ya miaka minane, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia tena miaka. Mimi natengeneza magari yaliyoanza kutembea kabla ya wanafunzi wangu kuzaliwa. Redio zake zina tundu la CD. Hazina pa kuchomeka flashi, hazina bluetooth. Tena zilitengenezwa kwa masafa ya kwao: FM ya Japani ilianzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana unazungusha na kuzungusha, unapata stesheni moja au mbili, ama hupati hata moja. Kinachobaki ni lile tundu la CD.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliniletea gari lake. Nikaweka CD yake, redio ikaandika ERROR, ikaitema. Nikaweka ya pili, aliyochomewa mahali pale pale. Ikaitema. Nikamwambia, "Mzee, jicho la redio hii limekufa." Aliniamini, kwa sababu mimi ndiye fundi. Akatafuta pesa, akanunua redio nyingine, nikamfungia. Ile ya zamani ikabaki kwangu, maana fundi hatupi kitu. Siku moja nikiwa sina kazi nikaiunganisha na betri, nikaweka CD halisi ya kwaya, ile ya kununuliwa dukani. Iliimba kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nilimtafuta mzee nikamrudishia pesa ya kazi yangu. Pesa aliyonunulia redio mpya sikuweza kumrudishia, na tukikutana sokoni bado naangalia chini.

Kwa hivyo jaribio la kwanza, kabla hujafungua mfuko, ni hilo nililolikosa mimi. Tafuta CD halisi ya dukani, safi, isiyo na mikwaruzo. Azima kwa jirani kama huna. Ikicheza, redio yako ni nzima, na tatizo liko kwenye kile unachoilisha. Ikikataa hata hiyo, hapo sasa tuzungumze habari ya redio.

Sasa niwaeleze kwa nini redio nzima inakataa. CD ya muziki ilikuja mwaka 1982, kazi ya kampuni mbili, Philips na Sony. Walikubaliana namna moja ya kuandika sauti juu yake, na redio ya gari ya zamani inajua namna hiyo tu. Muziki tunaobeba kwenye simu ni MP3, ambayo ni sauti iliyobanwa ili ichukue nafasi ndogo. Kuifungua kunahitaji chombo kingine ndani ya redio, na redio za gari zenye chombo hicho zilianza kuenea miaka ya 2000. Ya kwako ikiwa haina, hata uwe na nyimbo tamu namna gani, kwake hiyo ni CD isiyo na sauti. Ni sawa na kumpa mtu mahindi mabichi ukamwambia ale ugali.

Utajuaje? Soma uso wa redio. Karibu na tundu pameandikwa maneno madogo. Ukiona MP3, inaifahamu. Ukiona Compact Disc Digital Audio peke yake, haiifahamu. Na ukiona MD, hilo ni tundu la diski ndogo za Kijapani zilizo ndani ya kijumba cha plastiki. Usisukume CD humo. Nimeshatoa moja kwa koleo, sitaki kutoa ya pili.

Kwenye kompyuta, programu ya kuchoma itakuuliza unataka Audio CD au Data CD. Hapo ndipo shida yote inapoanzia. Kijana wa saiba anachagua Data CD kwa sababu inaingiza nyimbo mia na hamsini au zaidi, na mteja anafurahi kuona amepata nyingi. Audio CD inaingiza dakika 80 tu, yaani nyimbo kumi na nane au ishirini. Ukimwambia akuwekee nyimbo ishirini atakuona mshamba. Vumilia uitwe mshamba. Kwa redio ya zamani mwambie hivi: "Nichomee Audio CD, uifunge kabisa." Kufunga ni ile hatua ya mwisho ambapo kompyuta inaandika kwamba diski imekwisha, haiongezwi kitu. Diski iliyoachwa wazi kompyuta inaisoma, lakini redio nyingi za gari haziisomi.

Kijana pale nyuma ananiuliza habari za sauti za WhatsApp. Swali zuri. Sauti unayotumiwa kwa WhatsApp si MP3. Kubadilisha jina la faili na kuandika mp3 mwishoni hakubadilishi kilichomo ndani. Igeuze kwanza kwa programu, ndipo uichome. Hata redio inayosoma MP3 itaikataa usipofanya hivyo. Na kwa redio hizo, majina ya nyimbo yawe mafupi, na usijaze folda ndani ya folda.

Tuje kwenye diski yenyewe. Dukani utaona aina mbili zinazofanana: CD-R na CD-RW. Ya kwanza inaandikwa mara moja tu. Ya pili inafutwa na kuandikwa tena, na watu huipenda wakidhani wanaokoa pesa. Redio inasoma CD kwa kurusha mwanga wa leza na kuangalia unavyorudi. CD ya dukani inarudisha asilimia 70 ya mwanga huo au zaidi. CD-R nzuri inakaribia hapo. CD-RW inarudisha kama asilimia 15 hadi 25. Jicho la redio ya zamani halikuundwa kwa giza hilo. Kwa hivyo CD-RW iache kabisa. DVD pia iache, hata kama kwa macho unaiona ni ileile.

Na usichome kwa mbio. Diski imeandikwa 52, si lazima uende 52. Mimi huchoma kwa 8 au 16. Inachukua dakika chache zaidi, na redio zinazosumbua huwa zinaisoma vizuri zaidi. Kijana wa saiba akiharakisha kwa sababu foleni ni ndefu, rudi jioni.

Usibandike karatasi juu ya CD ya gari. Joto hulegeza gundi, karatasi inanyanyuka ukingoni, na diski inakwama ndani. Andika kwa kalamu laini ya wino, si kalamu ya biro. Watu wengi wanatunza upande unaong'aa na kuukwaruza upande wa juu, kumbe muziki uko karibu zaidi na upande wa juu. Juu yake pana rangi nyembamba tu. Ukifuta vumbi, tumia kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje, si kuzungusha kama unasugua sufuria.

Huku kwetu kuna mambo mawili ya ziada. Asubuhi za ukungu wa Nyambene, gari lililolala nje linakusanya unyevu hata kwenye lile jicho. Redio ikikataa saa kumi na mbili asubuhi na ikakubali saa tatu, si mbovu, ilikuwa imelowa. Acha gari lipate joto kwanza. La pili ni vumbi la barabara za murram. Diski ya kusafishia jicho, ile yenye brashi ndogo, inasaidia mara moja moja. Usimimine spiriti kwenye tundu. Na akitokea fundi akakwambia ataongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha skrubu ndogo ndani, mwambie aache. Kweli itasoma, utafurahi wiki chache, halafu leza itaungua moja kwa moja. Ni ujanja wa kumuuzia mtu redio baadaye.

Sasa nataka kusema jambo linaloniuma zaidi ya redio. Mama mmoja aliniletea CD iliyokuwa na sauti ya babake, mzee aliyekuwa ameshatutoka, akiwabariki watoto wake siku ya harusi. Ilikuwa imechomwa kutoka kwenye kanda, na kanda ikatupwa. CD alikuwa akiiweka juu ya dashibodi, kwenye jua, ili aisikilize akienda Maua. Nilijaribu redio tatu na kompyuta mbili. Tulisikia mzee akianza, akataja majina ya watoto wawili, sauti ikakatika. Mama alikuwa wa tatu.

CD ya kuchoma si kama ya dukani. Ya dukani imepigwa mihuri ndani ya plastiki. Ya kuchoma imeandikwa kwenye rangi, na rangi hufifia kwa jua na joto. Ile ya garini ihesabu kama ya kuchakaa. Sauti ya mzee wako, ya kwaya yenu, ya mazishi, iweke mahali pengine pawili kwanza: kwenye kompyuta ya mtu mnayemwamini na kwenye flashi iliyo nyumbani. Halafu choma nyingine ya gari. Ikifa, unachoma tena. Na kanda ya zamani usiitupe, hata kama huna tena pa kuichezea.

Kuna aliyeniuliza kabla hatujaanza kama kuchoma nyimbo za watu ni halali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya msanii, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia. Kuchoma na kuuza bila ruhusa ni kosa, na wenye matatu mnajua kwamba muziki wa kuchezea abiria unahitaji leseni. Wasanii wanaoimba kwa Kimeru ni majirani zetu. Kama CD yake inauzwa, nunua, kisha hiyo itakuwa pia CD yako ya kujaribia redio.

Kama redio imekataa hata CD halisi, bado usikimbilie mpya. Nyingine zina tundu la waya lililoandikwa AUX, na waya wa kuunganisha simu si ghali. Zenye tundu la kanda hutumia kanda bandia yenye waya. Kama hakuna vyote hivyo, kuna kifaa kidogo kinachochomekwa pale pa kuwashia sigara na kurusha sauti ya simu kwa FM. Ila kumbukeni redio ya Japani inaishia 90. Wengi wanakiweka 100 na kitu, wanasikia kimya, wanakirudisha dukani. Kiweke kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na stesheni.

Madereva, moja kwenu. CD ibadilishwe gari likiwa limesimama, au abiria aibadilishe. Nimesafiri na mtu aliyekuwa akiokota CD chini ya kiti kwenye kona za kwenda Maua, na sikufurahia muziki wake hata kidogo.

Mimi nimemaliza. Pale kando ya mlango kuna meza yenye redio tatu za zamani, moja ikiwa ile ya yule mzee. Leteni CD zenu tuzijaribu bila malipo mpaka saa kumi. Mwenye kanda ya zamani ya familia apite kwanza, kompyuta iko tayari.