Amepona, Nani Atampokea?



Katika sura ya 5 ya Injili yake, Mtakatifu Marko anatusimulia habari za mtu wa ng'ambo ya ziwa, aliyekaa makaburini. Watu walijaribu kumfunga kwa minyororo, wasifaulu. Alipokwisha kuponywa, alimsihi Bwana amchukue pamoja naye. Yesu hakumkubalia, bali alimtuma arudi kwa jamaa zake.

Niliihubiri Injili hiyo miaka mingi kabla ya kuielewa. Siku moja, katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, mama mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Mwanawe alikuwa amefungwa kamba kwenye mwembe. Nilimwekea mikono, nikasali, nikaenda zangu. Sikumtajia mama yule hospitali hata kidogo. Kosa hilo ni langu, na hata leo lanichoma moyo.

Baadaye jirani mmoja alimsaidia kumpeleka kijana Bugando. Alirudi ametulia, akimeza dawa zake kila siku. Lakini hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kwenda naye ziwani, na watoto hawakuacha kumwita kichaa. Akakata tamaa, akaacha dawa, maradhi yakamrudia.

Ndugu zangu, Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Maaskofu wetu kwa mapatano na Serikali. Humo maradhi ya akili hutibiwa kama maradhi mengine. Wenzetu Walutheri nao, kule Lutindi mkoani Tanga, wamewatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Huko kazi za mikono ni sehemu ya tiba. Dawa hutuliza akili. Kazi humrudishia mtu heshima yake. Lakini hospitali haiwezi kumpokea mtu nyumbani kwake. Hilo ni juu yetu.

Basi, tusali, ila sala isiwe kisingizio cha kuchelewesha tiba. Kama katika jumuiya yenu ndogo ndogo iko familia inayomficha mgonjwa, iendeeni wiki hii, mfuatane nayo hospitalini. Na yule aliyekwisha kurudi, mwiteni kwa jina lake la ubatizo, mpeni kasia, mpeni nafasi mtumbwini.

Mungu awabariki. Amina.