Ajali si Mavuno

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kufa kufaana. Msemo huu tunautumia mara nyingi kwa mzaha, tena tukicheka. Lakini leo ningependa tuutazame kwa makini, maana yapo mambo ambayo wahenga waliyasema ili kutuonya, na sisi tukayageuza kuwa ruhusa. Swali langu ni hili: mtu usiyemjua anapopatwa na ajali mbele ya macho yako, mikono yako inakwenda wapi kwanza? Inakwenda kwake, au inakwenda kwenye mzigo wake?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa mkoa wa Songwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro, Iringa na Mbeya, na kwa upande wa Tanzania humalizikia kwetu, Tunduma. Malori yanayopeleka mafuta Zambia na Kongo hupanga foleni pale mpakani. Na vijana wetu wa Msangano, mpunga ukishavunwa, hupanda Tunduma kutafuta vibarua vya kupakia na kushusha mizigo, au kuendesha bodaboda. Kwa hiyo mtoto wako, ndugu msikilizaji, huenda sasa hivi anapita kando ya tangi la petroli.

Katika barabara hiyo hiyo, eneo la Msamvu mjini Morogoro, asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakusanyika, baadhi yao wakiwa na madumu na ndoo, wakaanza kuchota. Baada ya muda mfupi mafuta yakalipuka. Pamoja na wale waliofia hospitali siku zilizofuata, waliopoteza maisha walizidi 100. Taifa likaomboleza kwa siku tatu.

Wala jambo lile halikuwa geni Afrika Mashariki. Tarehe 31 Januari 2009, kule Sachang'wan nchini Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyo hiyo. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini, Kongo, waliokufa walizidi 200. Wahenga hao hao walisema mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Kenya walinyolewa, Kongo wakanyolewa, na sisi tukakaa na nywele kavu.

Nisieleweke vibaya. Siwasemi vibaya marehemu, Mungu awapumzishe. Katika mikasa ya namna hii hufa pia wapita njia, watazamaji, na hata wale waliosogea ili kuwazuia wenzao. Tena najua umaskini ni nini. Dumu moja la petroli kwa kijana asiye na kazi ni chakula cha nyumbani. Lakini umaskini haujibu kila kitu. Lori linapopinduka, ndani yake yumo mtu. Yumo dereva, yumo utingo, na hao ni baba za watu na watoto za watu. Mtu anayekimbilia tangi akauacha mlango wa dereva umefungwa, huyo hajashindwa na njaa peke yake. Ameshindwa na tabia.

Na hapa tuelezane jambo la kitaalamu kidogo. Petroli iliyomwagika hutoa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na macho hayauoni. Cheche moja ya pikipiki, ya betri au ya sigara inatosha kuuwasha, nao moto hurudi mpaka kwenye tangi. Ndiyo kusema tamaa ya mmoja huwachoma na wasiokuwa na tamaa. Ukiona tangi limepinduka, zima pikipiki yako, kaa mbali, wazuie wengine, na upige simu Zimamoto kwa namba 114.

Sasa nikupeleke Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Waliofika kwanza hawakuwa na vyeo wala mitambo. Walikuwa wavuvi, nao walikwenda na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia akijaribu kuokoa, akapelekwa hospitali. Watu 19 walikufa, lakini 24 walipona. Baadaye Serikali ikaagiza kijana yule aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wavuvi wale nao walikuwa maskini. Ndani ya ndege ile palikuwa na mabegi, simu na fedha. Wao walikwenda kuwatoa watu.

Je, tabia ya namna ile hupatikana wapi? Haipatikani siku ya ajali. Siku hiyo mtu hutoa kile alichokwisha kujiwekea. Wakati fulani wa mavuno niliona pale Msangano gari likipita na magunia ya mpunga, moja likaanguka na kupasuka, na gari likaenda zake. Kijana mmoja akasema, "Bahati imeanguka." Mama mmoja mtu mzima akatandika kanga yake, akaanza kuzoa. Kijana akaleta mfuko naye azoe. Mama akamwambia, "Zoa, mwanangu, lakini tia humu. Huu una mwenyewe." Mpunga ukawekwa dukani, na mwenyewe aliporudi kuutafuta akaukuta. Watoto walikuwa wamesimama pembeni, wanatazama.

Hao watoto, ndugu msikilizaji, ndio vijana wa Tunduma wa kesho. Siku lori litakapopinduka mbele yao, mimi na wewe hatutakuwapo kuwashika mkono. Watafanya kile walichotuona tukifanya kwa gunia la mtu, kwa mbuzi aliyepotea, kwa chenji iliyozidi dukani. Mzazi anayemsifu mwanawe kwa kuleta nyumbani kitu kisichojulikana kilikotoka, anamfundisha njia ya kwenda kwenye tangi.

Mkulima wa Msangano anajua mavuno ni nini. Mavuno ni kile ulichokilimia, ukakipalilia, ukakilinda na ndege. Kilichoanguka kutoka kwa mwenzako aliyepatwa na balaa hukukilimia. Ajali si mavuno. Tuanze na mtu. Mzigo utajulikana baadaye, na mwenyewe ataulizwa.