Manahodha Wawili, Chombo Kimoja

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema ya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini Marekani imesafiri na manahodha wawili tangu mwaka 1789. Wa kwanza ni Serikali Kuu, ambayo amri zake zaenea nchi nzima. Wa pili ni serikali ya kila jimbo, ambayo amri zake hazivuki mpaka wa jimbo lake. Leo twataka kueleza jinsi wagombanapo, na ni nani awaamuaye.

Katiba yao hulipa Bunge la Serikali Kuu madaraka yaliyotajwa wazi, kama kutengeneza fedha, kutangaza vita, na kuongoza biashara baina ya jimbo na jimbo. Nyongeza ya mwaka 1791 yasema ya kuwa madaraka yasiyopewa Serikali Kuu, wala kukatazwa majimbo, ni ya majimbo au ya watu wenyewe. Maneno hayo ni machache. Ugumu hutokea yanapokutana na kazi za watu. Hebu tutazame neno moja tu, biashara.

Zamani jimbo la New York liliwapa Livingston na Fulton haki ya peke yao ya kuendesha merikebu za moshi katika maji yake. Aaron Ogden akapata ruhusa kutokana na haki hiyo. Thomas Gibbons naye alikuwa na cheti cha Serikali Kuu, akachukua abiria baina ya New Jersey na New York. Ogden akamshtaki, na mahakama za New York zikamzuia Gibbons. Akakata rufani, na mwaka 1824 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ikampa haki. Kusafiri majini ni sehemu ya biashara, wakasema majaji, na jimbo haliwezi kufunga njia iliyofunguliwa na sheria ya nchi nzima.

Sasa tutoke majini twende shambani. Sheria ya mwaka 1938 iliweka kipimo cha ngano, ili bei isianguke. Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio, aliruhusiwa eka 11.1, naye akapanda eka 23. Alitozwa senti 49 kwa kila busheli iliyozidi. Busheli 239, jumla dola 117 na senti 11. Desturi yake ilikuwa kuuza sehemu ya mavuno, na iliyobaki kulisha kuku na mifugo, kusaga unga wa nyumbani, na kuweka mbegu. Hoja yake ilikuwa ya kuwa chakula kitumikacho shambani si biashara baina ya majimbo. Mwaka 1942 majaji wote walimkatalia. Mkulima alaye ngano yake hainunui sokoni. Na wakifanya hivyo wengi, bei hubadilika katika nchi nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi watu wakauliza: ikiwa hata unga wa nyumbani ni biashara, ni kitu gani kilichobakia kwa majimbo? Jibu lilitoka mwaka 1995. Mwanafunzi wa San Antonio, katika Texas, alikuwa amekamatwa shuleni na bastola, akahukumiwa kwa sheria ya Serikali Kuu ya mwaka 1990. Serikali ilidai ya kuwa silaha huharibu masomo, na masomo yakiharibika, biashara hudhoofika. Majaji watano walikataa, wanne wakakubali. Kwa hoja hiyo, walisema wale watano, hakuna jambo ambalo Serikali Kuu isingeweza kuliamuru. Wala hawakusema ya kuwa bastola shuleni ni jambo jema. Texas ilikuwa na sheria yake ya kulikataza. Mwaka uliofuata Bunge likaitengeneza sheria ile, likitaja silaha zilizopita katika biashara baina ya majimbo.

Sisi walimu twapenda wanafunzi wetu washike jambo moja katika habari hizi. Sheria huulizwa maswali mawili: je, ni njema? Na je, aliyeitunga alikuwa na madaraka ya kuitunga? Sheria njema yaweza kuanguka kwa swali la pili. Na mpaka wa manahodha wale haukuchorwa mara moja ukaisha; huchorwa tena kila mwenye merikebu, mkulima, au mwanafunzi asimamapo mbele ya majaji akiuliza ni nani mwenye haki ya kumwamuru.