Kabla ya Kununua Mche

Wasikilizaji, anayenunua mche wa nyanya Nairobi mwezi wa Juni ananunua matatizo. Mche wenyewe utakuwa mzuri. Wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong na Waiyaki Way wanajua kazi yao, na mche wao hutoka kitaluni ukiwa na shina nene na majani mabichi. Wiki chache baadaye majani hayo yanaingia mabaka ya kahawia yanayoonekana kama yamelowa maji, shina linapata weusi, na matunda yanaoza kabla ya kuiva. Ni bakajani chelewa, ukungu unaopenda baridi na unyevu, na Nairobi ya Juni hadi Agosti ina vyote viwili kwa wingi. Mnunuzi hakudanganywa na mtu. Aliuliza bei, akasahau kuuliza msimu.

Kipindi cha leo kinahusu bustani ya nyumbani, kuanzia katikati ya jiji kupitia Westlands, Kileleshwa na Lavington hadi Kangemi, Kawangware, Kibera na Karen. Mwenye nusu ekari na mwenye chumba kimoja huku wanagawana mvua zilezile, za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wapo wenye nusu ekari ambao bado hununua dhania kwa mama mboga kila jioni, na wapo wapangaji wa chumba kimoja wanaochuma sukuma wiki mlangoni. Mara nyingi tofauti yao ni kwamba mmoja alichunguza jua na maji yake kabla ya kutoa pesa.

Tuanze na jua. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na ukielekea Kabete au Karen ardhi inazidi kupanda. Wengi hudhani jua la Ikweta hukaa utosini mwaka mzima. Halikai. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Mwenye shamba hasumbuki sana na jambo hilo, lakini mpangaji wa ghorofa ya tano Kilimani halikwepi. Roshani inayotazama kusini inaweza kuungua Januari, kisha Julai nzima isione jua la moja kwa moja. Ya kaskazini hupata jua katika miezi ileile ya baridi ambayo mimea inalihitaji zaidi. Tena asubuhi za Julai jiji hufunikwa na wingu zito ambalo mara nyingi hufunguka alasiri, ndiyo maana wakati huo roshani ya magharibi hupata mwanga mwingi kuliko ya mashariki.

Njia ya kupima ni rahisi na haina gharama. Jumamosi moja mwenye nyumba atazame sakafu ya roshani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, akiweka alama ya chaki mahali mwanga ulipofika. Penye jua la saa sita au zaidi kwa siku panafaa nyanya, pilipili hoho na rosemari. Penye saa tatu au nne panatosha mboga za majani, dhania na minti. Pasipo na jua kabisa pasilazimishwe kuzaa chakula, kwani kuna maua yanayopapenda, nayo tutayafikia. Na kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, maana Kileleshwa ya siku hizi ghorofa jipya linaweza kusimama mbele ya dirisha kabla mchaichai haujakomaa.

Upande wa udongo, magharibi mwa Nairobi imebahatika. Matuta ya Kabete, Loresho, Lavington na Karen yana udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri na kushika rutuba. Ukivuka jiji kwenda Embakasi na tambarare za Athi unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Hata hivyo bahati ya magharibi ina mipaka yake. Kwenye nyumba mpya mafundi huacha kifusi, vipande vya saruji na chokaa vikiwa vimefukiwa chini ya tabaka jembamba la udongo mzuri, na mche hudumaa mara mizizi inapovifikia. Kuchimba futi moja kabla ya kupanda kunaokoa miezi ya kujiuliza kulikoni.

Kwa vyungu na ndoo, mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Neno la kukazia hapo ni “iliyooza”. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Iliyokomaa haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua tena nyasi alizokula ng’ombe. Asiyeweza kupata samadi ana msaada mwingine kwenye nyua za barabarani, nao ni alizeti-pori, ule mmea wa maua ya njano ambao wataalamu huuita Tithonia. Watafiti wa kituo cha kilimo-mseto chenye makao yake Gigiri waliuchunguza kwa miaka mingi magharibi mwa Kenya, wakaona majani yake yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu ya kutosha kulisha mazao. Majani hukatwakatwa na kufukiwa mabichi, wiki moja hivi kabla ya kupanda. Wakazi wengi wa jiji huyapita kila siku wakienda kununua mbolea ya mfuko.

Kuhusu nafasi, mwalimu mkubwa ni Kibera. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, wakati chakula kilipokuwa shida mtaani, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilianza mwaka 2008 kuwapa wakazi miche na kuwafundisha kulima kwenye magunia. Watu hawakuwa na hata hatua mbili za ardhi, lakini gunia moja mlangoni liliweza kubeba miche thelathini hivi.

Ufundi wake unafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi huuiga kwa macho na kuukosea. Huchukuliwa gunia la kilo 90 na mkebe wa rangi uliokatwa pande zote mbili ukabaki kama bomba. Mkebe husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo, halafu udongo wenye samadi hujazwa kuuzunguka. Udongo ukifikia kimo cha mkebe, mkebe huvutwa juu, mawe yakabaki chini, na kazi hurudiwa hivyo mpaka gunia lijae. Kwa njia hiyo hupatikana nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji humwagwa kwenye nguzo hiyo, nayo huyasambaza hadi kwenye mizizi ya chini. Anayeacha mawe akajaza udongo mtupu atamwagilia juu kila siku huku miche ya chini ikikauka. Matundu ya pembeni hutobolewa kwa kupishana, si kwa mstari mmoja, na sukuma wiki au spinachi hupandwa humo. Kitunguu na dhania hukaa juu. Nyanya isitiwe pembeni, kwani uzito wake huchana gunia.

Mwaka 2020, korona ilipofunga masoko na mifuko ya watu, Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni nchini, na magunia ya aina hii yakaonekana hata kwenye nyua za Lavington. Miaka mitano kabla ya hapo Kaunti ya Nairobi ilikuwa imekwisha kupitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, ile ya 2015, baada ya miongo ambayo askari wa jiji na mkulima wa kando ya barabara walikuwa hawapatani.

Kipandwe nini basi? Sukuma wiki, bila shaka, lakini isiwe peke yake. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kutetea mboga za kienyeji, akionyesha kwamba managu, saga, terere na mrenda zina chuma, kalsiamu na vitamini za kutosha kuziaibisha kabichi na jamaa zake. Kwa bustani ya nyumbani zina sifa nyingine ya kupendeza: hazina subira. Terere huchumwa wiki tatu au nne baada ya kusiwa, mahali ambapo sukuma wiki ingekuwa bado kitaluni. Mbegu za managu ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Mche ukifika shibiri moja, kilele hukatwa ili utoe matawi. Saga huanza kutoa maua mapema, na maua hayo yasipong’olewa majani hupungua na kukomaa. Uchungu wake jikoni wapishi wa Nyanza na Bonde la Ufa wanajua kuutuliza kwa maziwa, tena baada ya kuilaza mboga usiku mmoja.

Anayechuma sukuma wiki achukue majani ya chini na kuacha manne au matano ya juu, naye atavuna kwa miezi mingi. Januari na Februari, wakati wa kiangazi, vidukari hujazana nyuma ya majani. Vikigunduliwa mapema, maji ya kasi yanatosha kuviangusha, na vikikaidi, maji yenye sabuni kidogo hufanya kazi. Dawa kali ya duka la agroveti kwa mboga ya kuliwa keshokutwa ni hatari, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko hazikuwekwa kama pambo.

Viungo havina makuu. Mbegu ya dhania ni duara lenye mbegu mbili ndani, hivyo hupondwa kidogo kwa chupa zigawanyike, kisha husiwa palepale itakapokulia, kwa kuwa haipendi kuhamishwa. Minti ikae kwenye chungu chake peke yake, la sivyo itameza bustani. Mrehani, kipenzi cha watu wa pwani, huteseka na baridi ya Julai, afadhali usubiri Oktoba. Rosemari hufa zaidi kwa kumwagiliwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

Na maji yenyewe? Nairobi imeishi na mgao tangu mapema 2017, baada ya bwawa la Ndakaini, linalobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, kupungua sana. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo hufaa bustani yasipokuwa na mafuta wala dawa ya madoa. Nyasi kavu juu ya udongo hupunguza maji yanayopotea. Lakini maji ya mto ni mwiko. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na ukishapita Kawangware na kufika Chiromo umebeba maji taka ya mitaa mingi. Mboga iliyonyweshwa humo inaweza kupendeza machoni, lakini vijidudu na metali nzito havionekani. Udongo wa ukingoni mwa barabara kuu nao uepukwe. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua ardhini haiozi.

Tufike kwenye maua. Bogenvilia inayowaka rangi kwenye barabara za jiji ni urithi wa Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi miaka ya 1960. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba yake ina majani tu, kwa kawaida anaimwagilia na kuilisha kupita kiasi, maana bogenvilia huchanua vizuri ikiwa na jua kali na kiu kidogo.

Violeti ya Afrika, kinyume chake, ni ya kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani huko Tanga, aliikuta kwenye eneo la Usambara akaituma kwa baba yake Ujerumani, na leo imejaa madirishani Ulaya na Marekani. Hupenda mwanga bila jua la moja kwa moja, kwa hiyo roshani isiyozaa nyanya inaifaa. Imwagiliwe kutoka chini, kwenye kisahani, kwani maji baridi huacha madoa kwenye majani yake yenye manyoya. Jani moja likikatwa na kikonyo chake na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, miche mipya huchipua baada ya miezi michache.

Mwenye watoto awe mwangalifu anapochagua ua la kuzungushia boma. Oleanda, inayopendwa kwa maua yake ya waridi, ni sumu kuanzia jani hadi mzizi. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona, hivyo anayeipogoa avae miwani, na akirukiwa aoshe jicho kwa maji mengi safi na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kayaba, yenye asili ya kusini mwa Afrika, ina miiba inayomfukuza mwizi na kutoboa hata gurudumu la baiskeli, lakini matunda yake ya njano, machachu kama ndimu, hutengenezwa jamu. Ikatwe kila baada ya miezi michache, kabla haijawa msitu, na matawi yaliyokatwa yaokotwe yote kabla watoto hawajatoka nje pekupeku.