Injini Yako, Ufunguo wa Kuizima Anao Nani?

(Mazungumzo na waendesha bodaboda na tuktuk, na vijana wa ufundi wa magari, Msambweni)

Asanteni kwa kuacha steji na gereji. Najua kila dakika mnayokaa hapa ni abiria aliyewapita, kwa hivyo nitasema machache.

Siku hizi pikipiki za mkopo hufungwa traka. Traka huonyesha pikipiki iko wapi, na nyingine zaweza kuzima injini kutoka mbali, aliyekopa asipolipa. Tusikasirike bure. Mkopeshaji ana haki ya kulinda mali yake, na bila mkopo wengi wenu mngekuwa bado mwatembea kwa miguu. Swali langu ni hili: je, ufunguo huo wa kuzima injini anao mkopeshaji peke yake, au hata mwizi aweza kuupata?

ONYO LA 2022

Julai 2022 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya traka iitwayo MiCODUS MV720, iliyotengenezwa China na kuuzwa kwa kama dola 20. Kampuni yenyewe ilisema vifaa vyake milioni 1.5 vilikuwa vikitumika, na wachunguzi wa BitSight waliviona katika nchi 169. Wachunguzi hao waligundua kwamba traka hiyo ilitoka kiwandani na nambari ya siri 123456, na wanunuzi wengi hawakuibadilisha. Zaidi ya hayo, kulikuwa na nambari kuu ambayo mtu akiijua angeweza kuiamuru traka kana kwamba yeye ndiye mwenye gari. Angeweza kulifuata gari kila liendako, au kulikatia mafuta.

Sasa fikiri uko barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, umempakia mama mjamzito, lori liko nyuma yako, na injini inazimwa na mtu usiyemjua!

NYUMBA ISIYO NA UKUTA

Nyumba zetu za pwani zina baraza. Mgeni akaribishwa hapo, anywe kahawa, lakini haingii chumbani. Gari la kisasa nalo lina baraza: redio yake, simu yake, intaneti yake. Chumbani ndiko kwenye breki, usukani na injini.

Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba Jeep Cherokee haikuwa na ukuta wa kutosha kati ya baraza na chumba. Wakiwa nyumbani, waliingia kwa njia ya redio wakalipunguza nguvu gari lililokuwa katika barabara kuu, na dereva amo ndani. Dereva alijua jaribio litafanyika, lakini kampuni ililazimika kurekebisha magari milioni 1.4.

Sababu ni ya zamani. Kompyuta za ndani ya gari huzungumza kwa lugha iitwayo CAN, iliyotolewa na Bosch mwaka 1986. Wakati huo gari halikuwa na intaneti. Kwa hivyo lugha hiyo haiulizi, "Wewe ni nani?" Ikipata amri, hutii tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtengenezaji wa programu afaa kuuliza tangu siku ya kwanza: mwizi ataingilia wapi? Atenge baraza na chumba. Kila amri iwe na sahihi. Aajiri watu wa kujaribu kuivunja programu kabla haijauzwa, na aendelee kuziba nyufa baada ya kuuza. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 155 inadai hayo, na Ulaya na Japani zilianza kuitumia mwaka 2022. Lakini ilipoanza, pikipiki za kawaida hazikuwemo. Na kwa kuwa Kenya huruhusu magari ya mitumba ya hadi miaka 8, mengi yashukayo Kilindini yaliundwa kabla yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya kutia sahihi mkopo, uliza: traka yaweza kuzima injini? Yaweza kuizima pikipiki ikiwa mwendoni? Nani ana nambari ya siri? Kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, una haki ya kujua habari zako zatumiwaje.

Pili, fundi, usimkabidhi mteja traka yenye nambari ya kiwandani. Mbadilishie mbele yake. Usifunge kifaa usichokijua asili yake.

Tatu, mkiwa chama, semeni kwa sauti moja: injini isizimwe pikipiki ikitembea. Mtu mmoja akisema ataambiwa akatafute mkopo kwingine. Wanachama mia watasikilizwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika steji yetu, ni wangapi wanaojua nani aweza kuzima injini zao?
2. Pikipiki ikizimwa barabarani na abiria akaumia, nani atalipa hospitali? Mkataba wako wasemaje?
3. Ni nani katika chama ataupeleka ujumbe huu kwa wakopeshaji, na lini?